Mafuta ya bunduki: yapi yanafaa, yapi yanaiharibu silaha

Mafuta yanayopakwa kwenye silaha ndogo, iwe bastola, bunduki ya risasi au bunduki ya marisau ambayo wengi huiita shotigani, yana kazi tatu. Yanalainisha vyuma vinavyosuguana, yanazuia kutu, na yanasaidia kulegeza masizi ya baruti ili yafutike. Shida ni kwamba mafuta yanayofanya vizuri kazi moja mara nyingi hayafai kwa nyingine. Mafuta ya taa, kwa mfano, yanasafisha masizi vizuri sana, lakini chuma kilichosafishwa kwa mafuta ya taa na kuachwa hivyo usiku mmoja katika hewa ya Mtwara au Tanga kinaweza kuamka na kutu.

Hapa nchini wanaohusika na jambo hili si wachache. Wako walinzi wa kampuni binafsi wanaosimama nje ya benki na maghala ya korosho mvua ikinyesha na jua likiwaka, askari wa wanyamapori, wawindaji wenye vibali, na wakulima na wafanyabiashara waliopewa leseni ya kumiliki silaha. Wengi wao walifundishwa kulenga na kupiga. Kuhusu matunzo waliambiwa neno moja tu, "paka mafuta", na kila mmoja akapaka yaliyokuwa karibu naye: ya kupikia, ya cherehani, oili ya pikipiki, hata oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Makala hii inaeleza tofauti zake.

Kabla ya kushika kitambaa

Ajali nyingi za kusafisha silaha hutokea kwa sababu msafishaji aliamini bunduki haina risasi. Kwa hiyo hatua ya kwanza haina mafuta ndani yake. Elekeza mtutu mahali salama, ondoa kidole kwenye kifyatulio, toa risasi, kisha tazama kwa macho na uguse kwa kidole ndani ya chemba kuhakikisha ni tupu. Risasi zote zipelekwe chumba kingine, zisibaki kwenye meza ya kazi.

Kwa bastola mpangilio wa hatua ndio kila kitu. Magazini hutoka kwanza, ndipo sehemu ya juu inavutwa nyuma ili risasi iliyo chemba iruke nje. Anayevuta kwanza na kutoa magazini baadaye anatoa risasi moja na papo hapo anaingiza nyingine, halafu anaamini amemaliza. Zipo bastola za kisasa, Glock ikiwa mojawapo, ambazo haziwezi kufunguliwa bila kwanza kubonyeza kifyatulio. Ukiunganisha mambo hayo mawili utaelewa kwa nini watu hujipiga wakiwa wamekaa sebuleni na kitambaa mkononi.

Bunduki ya kushindiliwa kwa mdomo wa mtutu, yaani gobore, haina chemba ya kuchungulia. Hapa unatumika mdeki, ule ufito wa kushindilia. Ingiza mdeki hadi uguse mwisho, weka alama kwa kidole pale unapokutana na mdomo wa mtutu, kisha uutoe na kuulaza nje sambamba na mtutu. Ukifika hadi usawa wa fataki, mtutu ni mtupu. Ukiishia vidole vitatu au vinne kabla ya hapo, kuna kitu ndani, na kitu hicho huenda ni baruti na risasi vilivyokaa humo tangu msimu uliopita.

Adui wa kwanza ni chumvi

Kutu huhitaji chuma, maji na oksijeni. Chumvi huharakisha mwendo wake sana. Katika miji ya pwani unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70, na upepo wa bahari huleta chumvi isiyoonekana. Jasho la mkono nalo lina chumvi, ndiyo maana alama za vidole hujichora kwa kutu kwenye mtutu ulioshikwa na kurudishwa kabatini bila kufutwa. Mlinzi aliyeshika bunduki saa kumi na mbili ameipaka chumvi muda wote huo, hata kama mvua haikunyesha.

Chanzo kingine cha chumvi ni risasi yenyewe. Baruti nyeusi, ile ya zamani inayotoa moshi mzito, hutengenezwa kwa shura, makaa na kiberiti cha unga. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kama uchafu mgumu badala ya kugeuka hewa. Uchafu huo una chumvi zinazovuta maji kutoka hewani, na kwa siku moja au mbili unakula chuma. Baruti isiyo na moshi ilibuniwa na Paul Vieille nchini Ufaransa mwaka 1884, na ndiyo iliyo kwenye risasi karibu zote za leo. Lakini mabadiliko hayakufika kila mahali kwa wakati mmoja: vita vya mwaka 1914 vilipoanza hapa Afrika Mashariki, askari wengi wa jeshi la Wajerumani walikuwa bado na bunduki ya muundo wa mwaka 1871, na kila walipopiga moshi uliwaonyesha walipo. Magobore ya vijijini bado yanatumia baruti nyeusi hadi leo.

Hata baruti isiyo na moshi haikumaliza tatizo mara moja. Fataki za risasi nyingi za zamani, hasa za kijeshi, zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikilipuka huacha chumvi inayofanana sana na ya mezani. Anayetumia risasi za akiba za zamani bado anaweza kukutana nayo.

Hapa ndipo watu wengi hushangaa. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Ukipaka mafuta juu ya chumvi umeifunika tu, na chini ya mafuta hayo kazi ya kutu inaendelea. Kinachoyeyusha chumvi ni maji. Kwa hiyo bunduki iliyopiga baruti nyeusi au risasi zenye fataki za aina hiyo husafishwa kwanza kwa maji ya moto, na kwa baruti nyeusi maji ya moto yenye sabuni kidogo, yakipitishwa ndani ya mtutu hadi yatoke safi. Moto wa maji unasaidia mtutu kukauka haraka. Baada ya hapo vitambaa vikavu hupitishwa kimoja baada ya kingine, na mafuta hupakwa mwisho, mtutu ukiwa bado na uvuguvugu. Mzee wa gobore anayechemsha maji baada ya kuwinda anafanya jambo sahihi kuliko kijana anayemcheka akiwa na kopo la dawa ya kupuliza.

Mafuta ya jikoni

Mafuta ya alizeti, ufuta, pamba na mahindi yanalainisha vizuri siku ya kwanza. Tabu yake ni kwamba yakikaa kwenye hewa yanaungana na oksijeni na kugeuka gundi. Kila mama anajua ile ngozi ya manjano inayonata kwenye chupa ya mafuta ya kupikia iliyosahaulika au nyuma ya jiko. Ngozi hiyohiyo hujijenga ndani ya mtambo wa bunduki, kwenye springi ya kifyatulio na kwenye pini inayopiga fataki. Bunduki haikatai siku hiyo. Inakataa miezi sita baadaye, pini inapokwenda taratibu na kuigonga fataki bila nguvu ya kuiwasha.

Mafuta ya nazi ni kisa cha pekee, na kwa watu wa pwani yana mvuto wake. Hayagandi kuwa gundi haraka kama ya alizeti, kwa sababu aina ya mafuta yaliyomo haiungani na oksijeni kirahisi. Lakini huwa mango yakishuka chini ya nyuzijoto 24 hivi. Bunduki iliyopakwa mafuta ya nazi ikiwa Lindi, kisha ikapelekwa Njombe, itaamka asubuhi na nta mtamboni. Tena yakichacha hutoa asidi, na asidi ni rafiki wa kutu.

Samli na mafuta ya wanyama yana kasoro hizohizo, pamoja na historia nzito. Mwaka 1857 askari wa Kihindi wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki walipewa bunduki mpya ya Enfield. Risasi zake zilikuja zimefungwa kwenye karatasi iliyopakwa mafuta ili ziteleze mtutuni, na askari alitakiwa kuing'ata karatasi hiyo kwa meno. Habari zikaenea kwamba mafuta yale ni ya ng'ombe na nguruwe: Wahindu wakaona wanavunjiwa dini, Waislamu vilevile. Manung'uniko mengine yalikuwapo tayari, lakini suala la mafuta ya risasi ndilo lililowasha moto wa uasi ulioanzia Meerut mwezi Mei mwaka huo, na mwaka uliofuata utawala wa Kampuni ukaondolewa na India ikawekwa moja kwa moja chini ya ufalme wa Uingereza. Sijui kilainishi kingine kilichofanya makubwa kiasi hicho.

Kwa mkoa wa korosho niongeze moja. Mafuta ya ganda la korosho yasikaribie bunduki kabisa. Yanaunguza ngozi, na yakikauka yanakuwa kama vanishi. Yanafaa viwandani kutengenezea rangi na vifaa vya breki, kazi ambazo zinataka vitu vishikane, si viteleze.

Mafuta ya gereji na ya duka la vifaa

Mafuta ya cherehani ni mafuta mepesi ya madini, masafi, yasiyo na rangi. Hayagandi kuwa gundi na yanapenya kwenye nafasi finyu. Upungufu wake ni kwamba hayana viambato vingi vya kuzuia kutu, na kwa wepesi wake huchuruzika na kuisha mapema. Kwa hiyo yanafaa, ila yanahitaji kurudiwa mara kwa mara. Kwa maoni yangu, mlinzi mwenye chupa ndogo ya mafuta ya cherehani na kitambaa kikavu anachokitumia kila anapomaliza zamu anaitunza silaha kuliko mwenye mafuta ya gharama yanayofunguliwa mara moja kwa mwaka.

Oili mpya ya injini, ya gari au pikipiki, ni nzito zaidi na inakaa mahali pake. Ina viambato vya kupunguza kusagika kwa vyuma. Inaweza kutumika kwa tone moja moja kwenye vyuma vinavyoteleza, na wako wapigaji shabaha duniani wanaoitumia kwa kupenda. Ikizidi, inakamata vumbi na kutengeneza uji mweusi unaosaga chuma kama msasa.

Oili chafu ni jambo lingine kabisa. Oili iliyokwisha kutumika injini ina vipande vidogo vya chuma, masizi, asidi na kemikali zinazoweza kusababisha saratani ya ngozi kwa anayeigusa mara kwa mara. Rangi yake nyeusi huwafanya wengine waamini inaipa bunduki weusi mzuri. Weusi huo ni uchafu. Breki fluidi nayo ni ya kuepuka: inavuta maji kutoka hewani kwa asili yake na inababua rangi na vanishi ya kitako.

Mafuta ya taa na dizeli ni visafishaji. Huyeyusha masizi ya baruti isiyo na moshi na oili iliyoganda, kisha lazima vifutwe na mafuta halisi yapakwe. Petroli itasafisha pia, lakini mvuke wake unashika moto kwa cheche ndogo tu, na sioni sababu ya kuihatarisha nyumba wakati mafuta ya taa yapo.

Kopo la WD-40 linapatikana karibu kila duka la vifaa vya ujenzi na magari, na kuna mabishano mengi juu yake. Lilitengenezwa mwaka 1953 huko San Diego, Marekani, na herufi mbili za jina lake zinamaanisha kuondoa maji. Namba 40 ni jaribio la arobaini lililofaulu. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kulinda ngozi ya chuma ya kombora la Atlas isiingie kutu. Kwa bunduki iliyonyeshewa ni msaada mzuri: inasukuma maji kutoka kwenye pembe ambazo kitambaa hakifiki. Lakini sehemu kubwa yake hupeperuka, na utando unaobaki ni mwembamba mno kuitwa kilainishi cha kudumu. Itumie kuondoa maji, ifute, kisha paka mafuta.

Grisi inafaa mahali pachache: bawaba ya bunduki ya marisau inayovunjwa katikati, na reli ambazo vyuma vizito hupita juu yake. Tabaka jembamba linatosha. Ndani ya mtambo wa kifyatulio grisi haina kazi. Vesilini isiyo na manukato inalinda chuma kisiingie kutu kwa silaha inayowekwa muda mrefu, na Waingereza walitumia mafuta mazito ya jamii hiyo kwenye bunduki zao za kijeshi. Losheni ya mwili isichanganywe na vesilini: losheni ina maji ndani yake.

Mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya silaha

Katika karne ya 19 mafuta yaliyosifiwa kwa bunduki na saa yalitoka kichwani mwa nyangumi. Hayakuganda kirahisi kwenye baridi wala kugeuka gundi. Marekani iliyapiga marufuku miaka ya 1970 kwa sababu nyangumi walikuwa wanakwisha, na viwanda vikatafuta mbadala.

Mjerumani Helmut Klever alikuwa amekwisha kutengeneza mafuta yaitwayo Ballistol mwaka 1904 kwa ajili ya jeshi la nchi yake, lililotaka kitu kimoja cha chuma, mbao na ngozi. Bado yanauzwa. Yana hali ya ualkali kidogo, hivyo hupunguza nguvu ya asidi inayobaki baada ya kupiga, na yanachanganyika na maji yakawa meupe kama maziwa. Kwa anayetumia baruti nyeusi hiyo ni faida kubwa, kwa kuwa maji yanabeba chumvi na yakikauka mafuta yanabaki. Harufu yake ni kali, na si kila mwenye nyumba ataivumilia.

Miaka ya 1980 jeshi la Marekani lilieneza matumizi ya mafuta ya aina moja yanayosafisha, kulainisha na kulinda kwa pamoja, yanayojulikana kwa herufi CLP. Ndani yake kuna kiyeyushi cha masizi, mafuta ya kutengenezwa maabara na viambato vya kuzuia kutu. Ni mwafaka mzuri kwa mtu anayetaka chupa moja. Lakini kila anayesema "kimoja kwa kazi zote" amepunguza kitu mahali fulani: hayasafishi kwa kasi ya kiyeyushi halisi, wala hayakai kama grisi. Chupa itikiswe kabla ya kutumia, kwa sababu viambato vingine hutuama chini.

Ukisoma lebo dukani, tafuta maneno yanayotaja kuzuia kutu na kufaa kwa silaha. Maneno kuhusu siri za jeshi na teknolojia ya anga yapite. Poda ya grafiti, ambayo husifiwa kwa sababu haikamati vumbi, ina kasoro moja kwa watu wa pwani: ikikutana na unyevu wenye chumvi juu ya alumini, huanzisha ulaji wa chuma. Bastola nyingi zina fremu ya alumini.

Kiasi gani, na wapi

Makosa ya kuzidisha ni mengi kuliko ya kupunguza. Kipimo kizuri ni hiki: chuma kilichopakwa kionekane na mng'ao, na kidole kikigusa kipate utelezi, lakini pasiwe na tone linalotembea. Tafuta mahali ambapo rangi nyeusi ya chuma imesuguliwa ikawa nyeupe. Hapo ndipo vyuma vinakutana, na hapo ndipo tone liende. Pini inayopiga fataki na njia yake ziachwe karibu kavu.

Ndani ya mtutu mafuta hukaa wakati wa kuhifadhi tu. Kabla ya kupiga, pitisha kitambaa kikavu mtutuni na chemba hadi kitoke bila alama. Sababu si urembo. Risasi inapolipuka, ganda lake la shaba hutanuka na kuzishika kuta za chemba, na mshiko huo hupokea sehemu ya nguvu. Chemba ikiwa na mafuta, ganda linateleza na nguvu yote hurudi nyuma kwenye bolti. Mtutu uliojaa mafuta au grisi nao ni mtutu wenye kizuizi, na kizuizi kinaweza kuuvimbisha au kuupasua. Kila msimu wa uwindaji kuna anayetoa bunduki stoo na kwenda nayo moja kwa moja porini. Hata kama hakuna mafuta humo, nyigu hupenda kujenga ndani ya matundu.

Risasi zenyewe zisipakwe kitu chochote. Mafuta mepesi yanaweza kupenya kando ya fataki na kuiua. Askari akifuta magazini ahakikishe ni kavu ndani kabla ya kujaza.

Kitako cha mbao hakitaki mafuta ya madini. Yakiingia, mbao hulainika na kugeuka nyeusi, na mwisho wake hupasuka pale inaposhikana na chuma. Ndiyo maana bunduki iliyopakwa mafuta mengi na kusimamishwa kabatini mtutu ukiangalia juu huharibika kitako: mafuta yote hushuka huko. Kwa siku ya kwanza baada ya kupaka, isimamishwe mtutu ukiangalia chini juu ya kitambaa. Mbao hupakwa mafuta ya kitani, kidogo, na kusuguliwa kwa kiganja. Na bunduki isihifadhiwe ndani ya mfuko wa ngozi au wa turubai. Mifuko hiyo ni ya safari. Ngozi hushika unyevu na dawa za kiwanda cha ngozi huchubua chuma.

Vumbi, mchanga na mafunzo ya vita

Kuna hoja mbili ambazo hazijaisha kati ya watu wa silaha: kupaka mafuta mengi ili uchafu uelee, au kidogo ili vumbi lisishike. Jibu hutegemea bunduki na mahali. Vita vimetoa mifano inayosomeka.

Jeshi la Marekani lilipeleka bunduki ya M16 Vietnam, na mwaka 1966 na 1967 askari wakawa wanaandika nyumbani kwamba inakwama wakiwa katikati ya mapigano. Uchunguzi wa kamati ndogo ya Bunge lao mwaka 1967 ulionyesha mambo kadhaa yaliyokutana: aina ya baruti ilibadilishwa ikawa yenye masizi zaidi, chemba haikupakwa kromu katika nchi ya unyevu mwingi, na vifaa vya kusafishia vilikuwa haba kwa kuwa bunduki ilikuwa imesifiwa kwamba haihitaji matunzo mengi. Baada ya hapo chemba zikapakwa kromu, na askari wakapewa vifaa na mafunzo. Miaka 36 baadaye, Machi 23, 2003, msafara wa kikosi cha 507 cha matengenezo ulipotea njia na kushambuliwa mjini Nasiriyah, Iraki. Taarifa ya jeshi ilieleza kwamba silaha kadhaa zilikwama, na kwamba huenda sababu ilikuwa matunzo duni kwenye mazingira ya jangwa.

Kwa barabara zetu za vumbi na doria za porini wakati wa kiangazi, busara ni mafuta machache kwa nje, tone kwenye vyuma vinavyosuguana, na kufuta kila siku. Masika geuza: tabaka la nje liongezwe kidogo, na bunduki iliyonyeshewa isifungiwe kabla ya kukaushwa. Ukiwa na pakiti za chumvichumvi za kunyonya unyevu, zile zinazokuja ndani ya maboksi ya viatu na redio, zitupie kabatini na kuzibadilisha zikichoka.

Kutu iliyokwisha kuanza

Kutu ya juujuu, yenye rangi ya chungwa, hulegea ikilowekwa mafuta kwa saa kadhaa na kusuguliwa kwa kitambaa kigumu au sarafu ya shaba. Msasa na stilwaya ya jikoni vinaondoa kutu pamoja na ule weusi wa kiwandani unaokinga chuma, na sehemu hiyo itashika kutu tena mapema zaidi. Mashimo yakishaonekana ndani ya mtutu, hilo si suala la mafuta tena. Silaha iende kwa fundi mwenye leseni. Tanzania umiliki na utengenezaji wa silaha unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na fundi wa baiskeli anayekubali kuchomelea mtutu anamtia mteja wake hatarini mara mbili, kwa sheria na kwa mlipuko. Gobore lililotengenezwa kienyeji kwa bomba la maji halina mafuta yatakayolifanya salama, kwa sababu bomba halikutengenezwa kubeba nguvu hiyo. Mahali pake ni kituo cha polisi, likasalimishwe.

Baada ya kumaliza

Masizi ya bunduki yana risasi, ile madini yenyewe, inayotoka kwenye fataki na kwenye marisau. Ni sumu kwa wote, na kwa watoto zaidi, kwa kuwa hudhuru ubongo unaokua. Kwa hiyo kazi hii isifanyike juu ya meza ya chakula wala jikoni, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika kitu kingine. Nguo ya kazi isifuliwe na za mtoto.

Vitambaa vilivyotumika navyo vina hatari yake. Kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa kwenye kona hujipasha joto chenyewe mafuta yanapoungana na hewa, na kinaweza kuwaka bila kiberiti. Kitandazwe nje hadi kikauke na kuwa kigumu, au kilowekwe kwenye chombo cha bati chenye maji na kufunikwa. Chupa za mafuta na viyeyushi zikae juu, mbali na jiko, na zisiwekwe kwenye chupa za soda. Silaha irudi kwenye kabati la chuma na kufungwa, na risasi zifungiwe mahali tofauti, kila moja na ufunguo wake.